Ufa Usiozibwa



Iko methali ambayo kila mmoja wetu aliikariri darasani kabla hajamiliki hata kibanda: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni maneno ya kweli. Mwenye nyumba akiuona ufa leo akaupita, masika yatamwonyesha. Lakini leo nataka tusafiri hadi mahali ambapo mtu mmoja alifanya kinyume. Alikuta mahali palipozibwa vizuri, pamepigwa lipu, pamepakwa rangi, mpita njia hajui kwamba chini yake kuna siri. Akapabomoa. Akaacha mwanya mpana katikati ya jengo, upepo ukaingia na mwanga ukaingia. Kisha akachukua sanamu iliyo maarufu kuliko zote katika jengo lile, akaisimamisha juu hewani, katikati ya mwanya huo. Leo watu hutoka kila pembe ya dunia kwenda kuutazama.

Mji wenyewe unaitwa Verona, kaskazini mwa Italia. Jengo linaitwa Castelvecchio. Jina hilo kwa Kitaliano maana yake ni Ngome Kongwe, sawasawa na tunavyoiita ngome yetu ya pale Forodhani, Zanzibar. Kwa hiyo, msikilizaji, usijione uko mbali sana na nyumbani.

Tuanze na aliyeijenga. Alikuwa mtawala wa Verona, jina lake Cangrande wa Pili, wa ukoo wa della Scala. Mwaka 1354 alianza kuinua kuta za matofali mekundu kando ya mto Adige, zenye minara, na juu yake meno yaliyochongwa kama mkia wa mbayuwayu. Kwa kawaida mtawala hujenga ngome akimwogopa adui anayekuja kutoka nje. Huyu aliwaogopa pia watu wa mji wake mwenyewe, kwa sababu alijua wanamchukia. Ushahidi upo mpaka leo: kutoka ndani ya ngome linatoka daraja la matao matatu, tao kubwa likiruka karibu mita 49, lenye kuta na meno pande zote mbili. Daraja hilo halikujengwa kwa ajili ya wachuuzi wala wakulima. Lilikuwa njia yake ya kukimbilia. Mji ukimgeuka, atavuka mto ashike njia ya kaskazini, kwa jamaa wa mkewe kule Bavaria.

Hakupata nafasi ya kulitumia kwa shida hiyo. Mwaka 1359 aliuawa, na aliyemuua ni ndugu yake, Cansignorio. Kikulacho ki nguoni mwako. Daraja la kutokea halimfai anayewindwa na mtu wa nyumbani.

Tangu hapo ngome ilipita mikononi mwa wengi. Verona ilipoingia chini ya Venice mwaka 1405, ngome ikawa ya silaha na askari. Mwishoni mwa karne ya 18 wakaja Wafaransa wa Napoleon. Mwaka 1797, wakati wa Pasaka, watu wa Verona waliwainukia Wafaransa hao, na uasi ukazimwa. Wafaransa wakaikata minara ya ngome, na ndani ya ua, upande wa mtoni, wakajenga kambi ya askari wao. Baadaye wakaja Waaustria. Mwaka 1866 mji ukawa sehemu ya Italia, na ngome ikabaki mikononi mwa jeshi.

Hebu piga picha. Ukuta wa mji wa karne ya 12 unapita katikati ya ngome na kuigawa pande mbili. Upande mmoja ni makazi ya mabwana wa karne ya 14. Upande wa pili ni ua mpana wenye kambi ya Wafaransa ya karne ya 19. Kila aliyekuja aliegemeza jengo lake kwenye ukuta wa aliyemtangulia, akaziba mshono, akaendelea na mambo yake.

Katika miaka ya 1920 ngome ikaacha kuwa ya askari na kuwa ya wananchi. Mtu aliyeshika kazi hiyo ni Antonio Avena, mkurugenzi wa makumbusho ya mji. Tumpe haki yake: bila yeye huenda tusingekuwa na la kuzungumza leo. Minara iliyokatwa aliinua upya, meno ya kuta akayarudisha, na mwaka 1926 milango ikafunguliwa kwa umma. Lakini Avena alikuwa na shida moja. Alikuwa na ngome ya enzi za kati ambayo sura yake ya ndani ilikuwa ya kambi ya Wafaransa, jengo la amri na mstari ulionyooka, lisilo na urembo. Mgeni aliyetarajia mashujaa na malkia angekuta bweni la askari.

Akafanya nini? Mwaka 1882 mto Adige ulikuwa umefurika vibaya, na majumba kadhaa ya kale mjini yakabomolewa baada ya mafuriko hayo. Madirisha na milango yao ya mawe yaliyochongwa ilikuwa imehifadhiwa. Avena akaichukua, akaipachika kwenye uso wa kambi, kwa mpangilio unaolingana kulia na kushoto. Ndani akaamuru kuta zichorwe mapambo ya kuigiza zamani. Mtu akiingia aamini kwamba mabwana wa della Scala wametoka hapo jana tu, na viti vyao bado vina joto.

Kilikuwa kitu kizuri kutazama. Na hakikuwa kweli. Mawe ya yale madirisha yalikuwa ya kale kabisa, lakini pale yalipowekwa yalitoa ushahidi wa uongo. Msikilizaji, nataka ushike jambo hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo: jengo linaweza kudanganya kwa kutumia mawe ya kweli.

Ikaja vita ya pili ya dunia. Januari 1944, katika ukumbi mmoja wa ngome hiyohiyo, mafashisti waliwahukumu wenzao waliopiga kura Mussolini aondoke madarakani. Miongoni mwao alikuwa Galeazzo Ciano, mkwe wa Mussolini mwenyewe, aliyeoa binti yake. Alihukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 11 ya mwezi huo. Kisha mabomu yakaanguka juu ya ngome. Aprili 1945, jeshi la Ujerumani likirudi nyuma, likalipua madaraja ya Verona, pamoja na lile daraja la Cangrande lililokuwa limesimama karibu miaka 600.

Ndipo tunapofika kwa fundi wetu. Katikati ya miaka ya 1950 makumbusho yalipata mkurugenzi mwingine, Licisco Magagnato, naye akamwita Carlo Scarpa. Scarpa alizaliwa Venice mwaka 1906. Alisomea sanaa, akafundisha usanifu wa majengo, akafanya kazi miaka mingi na mafundi wa vioo wa kisiwa cha Murano, lakini cheti cha kumruhusu kujiita msanifu majengo hakuwa nacho. Hata mahakamani alifikishwa kwa ajili hiyo, akashinda. Sifa yake ilikuwa imekwisha kuenea kwa makumbusho aliyoyapanga Palermo, kule Sicilia, ndani ya jumba la karne ya 15.

Kazi ya Castelvecchio ilianza mwaka 1958 kwa maonyesho ya michoro ya kale, upande wa makazi ya mabwana. Kuta zikachokonolewa, ardhi ikachimbwa. Na kwenye ule ukuta wa karne ya 12 likaonekana lango lililozibwa, lango la Morbio, ambalo watu walikuwa wamelisahau. Chini likaonekana handaki la kale. Mambo haya mawili yalikuwa yamefunikwa na kambi ya Wafaransa, pale ilipojibanza kwenye ukuta.

Fundi mwingine angepiga picha, akaandika ripoti, akafunika. Scarpa alichukua uamuzi mzito. Akaondoa chumba cha mwisho cha kambi, kile kilichoshikana na ukuta, pamoja na ngazi yake. Kambi ikaachana na ukuta. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mia moja na zaidi, mtu aliyesimama uani aliona kwa macho yake: huu ni ukuta wa karne ya 12, ile ni kambi ya karne ya 19, na kati yao kuna hewa.

Sitaki ufikiri kwamba uamuzi huo haukuwa na gharama. Kilichobomolewa nacho kilikuwa historia. Wafaransa walikuwapo, walitawala, na jengo lao lilistahili heshima yake. Ukibomoa umebomoa, hakuna kurudi. Mimi binafsi nimelipima jambo hili mara nyingi, na naona Scarpa alikuwa na hoja, kwa sababu sehemu kubwa ya kambi aliiacha imesimama. Hakuwafukuza Wafaransa katika simulizi. Aliwasogeza hatua chache tu, ili aliyekuwa amezibwa mdomo naye aseme.

Na yale madirisha ya Avena je? Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Angeweza kuyang'oa kwa dharau. Aliyaacha. Lakini nyuma yake, kwa ndani, akaweka fremu mpya za chuma na vioo, zilizopangwa kwa mtindo wake wenyewe, bila kufuata mistari ya dirisha la kale. Ukisimama uani unaona uso wa mawe mbele, na kivuli, kisha kioo nyuma. Mara moja unajua kwamba uso ule ni kama kanga iliyotandazwa: una pambo lake, lakini si mwili. Mahali pamoja akatokeza nje kijumba kidogo kilichovikwa vipande vya mawe vya rangi mbalimbali, kikavunja ule ulingano wa kulia na kushoto. Naye Avena akabaki na nafasi yake katika historia ya jengo, isipokuwa sasa kazi yake inaonekana kuwa yake.

Twende ndani. Unaingia kwa lango kuu, unapita bustani yenye nyasi na maji yanayotiririka taratibu, unafika pembeni kabisa mwa jengo, huko ndiko mlango ulikohamishiwa. Mbele yako vinafuatana vyumba vitano vya sanamu, kimoja baada ya kingine, na matao yao yako kwenye mstari mmoja hadi mwisho.

Tazama sakafu kwanza. Ni ya zege, imegawanywa kwa mistari ya jiwe jeupe la Prun, jiwe linalochimbwa milimani juu ya Verona, ambalo hutoka ardhini kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Lakini sakafu hiyo haigusi ukuta. Inakoma kabla, na kuacha mfereji mwembamba wa kivuli kuzunguka chumba kizima. Sakafu mpya imelazwa ndani ya kuta za kale kama mkeka chumbani. Mkeka haujifanyi kuwa ardhi. Kesho ukiukunja, ardhi utaikuta palepale. Na ule mfereji wa kivuli unalikumbusha handaki la nje, lile lililofukuliwa.

Inua macho. Boriti ya chuma, iliyoungwa kwa misumari ya ribiti inayoonekana waziwazi, inapita katikati ya vyumba vyote vitano na kubeba dari. Hakuna aliyejaribu kuipaka rangi ya mbao. Ni chuma, na inasema ni chuma.

Sasa tazama sanamu. Hazikupangwa ukutani kama wanafunzi kwenye gwaride. Zimesimama sakafuni, kila moja mahali pake, na nyingine imekupa mgongo. Unalazimika kuizunguka, kuitafuta uso, kama unavyomzunguka mtu unayetaka kumwamkia kwa heshima. Yupo Kristo msalabani, wa jiwe, kazi ya karne ya 14 ya mchongaji ambaye jina lake limepotea na anaitwa tu Bwana wa Sant'Anastasia. Uso wake umekunjamana kwa maumivu, mdomo wazi. Sanamu hii imewekwa kwenye msalaba wa kisasa, wa mistari mitupu, na nyuma yake hakuna pambo lolote. Huna pa kukimbizia macho.

Nimeeleza vitu hivi kwa urefu kwa sababu huruma ya Scarpa ilikaa katika vitu hivi. Aliheshimu kitu cha kale kwa kukipa nafasi ya kupumua. Hata michoro ya rangi aliitoa ukutani, mingine akaiweka juu ya viegemeo vya kusimama, katikati ya chumba, ili mtu aikaribie mmojammoja.

Hakuyafanya haya peke yake. Alikuwa na wahunzi, maseremala, waashi na mafundi wa lipu aliowafahamu kwa miaka, wengi wao wa Venice: karakana ya Zanon kwa chuma, Anfodillo kwa mbao, De Luigi kwa lipu. Alichora, akawauliza, wakamjibu, akafuta, akachora tena. Michoro yake ya kazi hii moja iliyohifadhiwa katika makumbusho inazidi 600. Ukiitazama unaona mkono ukitafuta. Pembezoni mwa karatasi kuna watu wadogo aliowachora, wakitembea, wakitazama, kwa sababu kila mara alijiuliza: mtu akisimama hapa, jicho lake litafika wapi?

Marehemu babu yangu alikuwa mwashi wa nyumba za mawe ya matumbawe. Alikuwa akisema ukuta wa chokaa ni kama mzee: ukitaka kumtunza, kwanza jua alikula nini ujanani. Aliona watu wakizikarabati nyumba za kale kwa saruji kwa sababu saruji inakauka haraka na inapendeza machoni. Miaka michache baadaye lipu inavimba na kumeguka, kwa kuwa saruji inafungia unyevu ndani, nao ukuta wa chokaa ulizoea kupumua. Babu hakuwahi kulisikia jina la Scarpa. Lakini naamini wangekaa kwenye benchi moja wakaelewana bila mkalimani. Wote wawili walijua kwamba kabla hujaongeza chako, uliza kilichopo kinahitaji nini.

Sasa nikupeleke kwenye ule mwanya.

Unapomaliza vyumba vitano, unatoka nje, na hapo unajikuta kati ya kambi na ukuta wa kale. Paa la kambi linaonekana kana kwamba limemenywa tabaka kwa tabaka: vigae vinakoma, chini yake shaba inaendelea kidogo, kisha boriti za mbao. Na juu kabisa, kwenye kipande cha zege kilichochomoza hewani, amesimama mpanda farasi.

Huyo ni Cangrande wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1329, mtawala aliyempokea mshairi Dante alipokuwa mkimbizi kutoka Florence. Sanamu hiyo ya karne ya 14 ilisimama juu ya kaburi lake, nje, karibu na kanisa la Santa Maria Antica, mvua na jua vikiila. Ikashushwa, na juu ya kaburi ikawekwa nakala. Farasi amevishwa joho refu, kichwa amekigeuza pembeni. Bwana wake ameinua upanga, chapeo yake yenye kichwa cha mnyama ameitupia mgongoni, na anacheka. Kicheko hicho kina zaidi ya miaka 600 na hakijachakaa.

Scarpa alisumbuka sana kuhusu mahali pa kumweka. Alimchora hapa, akamchora pale. Mwishowe alimweka pale ambapo nyakati zote za ngome zinakutana: ukuta wa karne ya 12, lango la Morbio, handaki, ngome ya karne ya 14, kambi ya Napoleon, na zege la karne ya 20. Ukiwa uani unamwona kwa mbali, juu. Ukipita chini yake unaliona tumbo la farasi. Baadaye, ukirudi kwa njia ya juu ukitoka upande wa makazi ya mabwana, unamkuta tena, safari hii karibu kabisa, uso kwa uso, na ndipo unapokiona kile kicheko. Mwaka 1964, mwezi wa Desemba, makumbusho yakafunguliwa hivyo.

Pengine mmoja wenu anasema: basi mwenzetu anatufundisha kwamba kila kilichovunjika kiachwe wazi. Hapana, na Verona yenyewe inanisahihisha. Lile daraja lililolipuliwa mwaka 1945 lilijengwa upya kati ya 1949 na 1951, kwa sura yake ya zamani, chini ya usimamizi wa Piero Gazzola. Mawe yaliopolewa mtoni, yakarudishwa. Hapo ufa ulizibwa, na ulistahili kuzibwa. Jeraha lilikuwa bichi, watu walilikumbuka daraja lao jiwe kwa jiwe, ushahidi ulikuwa umelala chini ya maji ukisubiri kunyanyuliwa. Na daraja la kukimbilia la mtawala aliyechukiwa likawa njia ya kila mwananchi, mama na mtoto wake wakivuka jioni bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Gazzola huyohuyo alikuwa mmoja wa viongozi wa mkutano wa Venice wa Mei 1964, uliotoa Mkataba wa Venice kuhusu utunzaji wa majengo ya kale. Mkataba huo unasema kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, kwamba kilichoongezwa kipatane na cha kale lakini kijulikane kuwa ni kipya, na kwamba mchango wa kila kizazi katika jengo uheshimiwe. Miezi michache baadaye, mwendo wa saa chache kutoka hapo, Castelvecchio ikafungua milango. Maneno yalikuwa yameandikwa Venice. Huko Verona yakaonekana kwa zege, chuma na jiwe la Prun.

Tunarudi nyumbani sasa. Mwaka huohuo wa 1958 Scarpa alipoanza kuchokonoa kuta za Verona, wafungwa walikuwa wakiondolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeifanya jela tangu 1895. James Kirkman akaanza kuchimba ndani yake, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Aliyeisanifu ngome hiyo, ikajengwa kuanzia 1593, ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa kutoka Milan aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Hispania na Ureno. Ndani yake wamepita Wareno, Waomani, Wamazrui, Waingereza. Kila mmoja ameacha tabaka lake juu ya mwamba wa matumbawe.

Hata lugha yetu inayabeba matabaka hayo. Neno letu gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, ngome ikaja kuwa kifungo, na neno likahama pamoja nayo. Kilwa Kisiwani ile ngome ya kale inaitwa Gereza mpaka leo. Ukilifuta tabaka moja kwa kuwa linauma au halipendezi, hata neno unalolisema kila siku litabaki yatima.

Kwa hiyo ombi langu leo ni dogo, na ninaliomba kwa moyo wote. Popote penye jengo kongwe linalokarabatiwa mjini kwenu, iwe ngome, msikiti, nyumba ya mfanyabiashara au kituo cha reli, nenda ukamuulize fundi kwa adabu: baba, cha kale kinakoma wapi na chako kinaanzia wapi? Akikuonyesha kwa kidole, hapa na hapa, mshukuru, jengo liko katika mikono salama. Akikuambia huwezi kujua, vyote vimekuwa kitu kimoja, vinang'aa, basi uliza tena, na usione haya. Mjukuu wako atakapopita pale atakuwa na haki ya kuambiwa ukweli na ukuta.

Na ile methali? Nimeanza nayo, na sitaki nikuache ukidhani Scarpa aliishinda. Nakumbuka jambo moja kuhusu ule mwanya ambalo picha nyingi hazilionyeshi vizuri. Juu ya Cangrande, juu ya ule ufa uliofunguliwa makusudi, Scarpa alilivuta paa likapita. Upepo unaingia, mwanga unaingia, mgeni anaziona karne zote zikiwa zimesimama mbalimbali. Lakini mvua haimpigi yule mpanda farasi. Wazee wetu walisema ufa uzibwe ili ukuta usianguke, na ukuta wa Verona haujaanguka. Fundi yule hakuuziba ufa wake. Aliuezeka.